Debe Tupu Jazz na Shamba la Barabarani

Mbukwenyi, vijana. Hiyo ndiyo salamu ya kwetu Ugogo, na kabla hamjafika mstari wa pili nataka shikamoo yangu. Marahaba. Sasa tunaweza kuanza.

Jina langu Agnesi. Nimezaliwa Itigi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa ilikuwa moja tu: kuwacheka wakubwa mbele ya macho yao, kwa wimbo, mchana kweupe, watu wakicheza. Wenzangu walisomea ualimu, wengine ukunga. Mimi nilisomea kucheka. Msidhani ilikuwa mchezo. Nitawaeleza jinsi ilivyofanywa, maana siku hizi naona mtu anatukana tu kwenye simu yake, amejificha chumbani, halafu anajiita mchekeshaji, na mimi moyo unaniuma.

Tulikuwa watatu. Omari Ntandu, Mnyaturu wa Issuna, alikuwa fundi baiskeli, na ndiye aliyepiga gitaa na kutunga. Shabani, Mnyamwezi, ambaye baba yake alikuwa mpakia mizigo stesheni, alipiga madebe. Mimi niliimba. Bendi yetu iliitwa Debe Tupu Jazz. Watu husema debe tupu haliachi kuvuma, nasi tukaona kabla hawajatusema wengine, tujiseme wenyewe. Somo la kwanza ni hilo na nalitoa bure: ukitaka kumcheka mtu, anza na wewe mwenyewe. Ubeti wa kwanza wa kila wimbo wetu ulinicheka mimi na miguu yangu myembamba, au Ntandu na masikio yake. Mkubwa akishacheka miguu yangu pamoja na watu, mdomo wake umefunguka. Ubeti wa pili unamkuta hajaufunga.

Vyombo vyetu mngeviona mngetupigia simu ya rambirambi. Debe la mafuta ya taa lina sauti kali, la mafuta ya kula lina sauti nzito. Shabani alikuwa na yote mawili, na la tatu alilitia konzi moja ya mchanga ili lilie chwa chwa. Usioshe debe la muziki kwa sabuni, lisugue kwa majivu. Gitaa Ntandu alilichonga mwenyewe kwa mninga, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli zilizofumuliwa. Ndani yake alifunga kipaza sauti cha simu mbovu, akakiunganisha na redio kuukuu, na redio akaiunganisha na betri ya lori. Ukiligusa vibaya linapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa. Sisi tulilipenda yowe lile kuliko nota zote. Wapiga tarumbeta wa bendi za mjini, wenye suti, walisema hatujui kupiga. Ni kweli hatukujua, na watu walitucheza mpaka vumbi likaficha jua.

Betri ile ndiyo iliyonipa ajali yangu ya kwanza kazini. Tulikuwa tunakwenda Mitundu juu ya trela la trekta, njia mbovu, nami kwa uchovu nikaiegemea betri nikasinzia. Maji yake yakanilowesha nyuma kidogo kidogo, sikusikia kitu. Tulipofika nikasimama mbele ya watu, nikageuka ili niwaonyeshe kiuno kinavyozungushwa Ugogo, watu wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukipata kwa wimbo wowote. Tindikali ilikuwa imelila gauni, nyuma kote matundu kama chekeche. Niliimba saa tatu nzima mgongo ukutani. Tangu siku ile nilitembea na magadi kwenye kibweta, kwa sababu magadi huiua tindikali, na betri haikupanda trela bila kufungwa wima kwa kamba. Nyinyi mna vifaa vya kuchaji, lakini jifunzeni hivyo hivyo kutosinzia juu ya kazi yenu.

Mwalimu wangu hakuwa mwanamuziki. Alikuwa shangazi yangu, Mele, na kazi yake ilikuwa utani wa misibani. Mnajua Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Basi akifa Mnyamwezi pale Itigi, Shangazi Mele anaitwa. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anawaambia wafiwa kwamba huyu hakufa, amewakimbia wadai wa pombe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Lakini mwangalieni baada ya hapo: ndiye anayechota maji, ndiye anayekata kuni, ndiye anayeosha masufuria ya watu mia. Nilimwuliza kwa nini anajichosha, akaniambia, "Mwanangu, mdomo wangu una ruhusa kwa sababu mikono yangu inafanya kazi. Anayecheka halafu akaenda kulala nyumbani, huyo ni adui tu."

Tuliichukua kanuni hiyo tukaifanya ya bendi. Kila wimbo wa kumcheka mkubwa ulipaswa kuimbwa na mtani wake. Mkubwa akiwa Mnyamwezi, naimba mimi. Akiwa Mgogo, anaimba Shabani. Akiwa wa mbali, tunatafuta mtani wake pale pale kijijini, tunamfundisha wimbo siku mbili, tunamsimamisha mbele na sisi tunampigia. Mpare mmoja mwuza duka aliwahi kumwimba bwana shamba wetu Mchaga mpaka bwana shamba akakaa chini. Mkubwa akijaribu kukasirika, wazee wake mwenyewe ndio wanaomfokea: unamkasirikia mtani wako, umelelewa wapi? Hakuna karatasi ya serikali iliyokuwa na nguvu kama hiyo. Na kabla ya kwenda mbele za watu tulikuwa na kipimo. Tunamwimbia kwanza mtu anayempenda huyo mkubwa, mke wake au dada yake. Akicheka mdomo wazi, wimbo ni laini, uongeze pilipili. Asipocheka kabisa, ni tusi, utupe. Akicheka akajiziba mdomo kwa mkono, umeiva.

Na kitu kingine, hiki ndicho kilichowashangaza wengi: hatukuwa na kiongozi. Kabla ya Debe Tupu niliimba kwenye bendi nyingine iliyokuwa na kiongozi mzuri kabisa, mwenye sauti. Bwana mmoja akampa baiskeli. Wiki ile ile, wimbo wa bwana yule ukaondoka kwenye orodha yetu, na hakuna aliyeuliza umekwenda wapi. Nikajifunza kwamba bendi yenye kichwa kimoja hupigwa kichwani. Kwa hiyo sisi watatu tulikaa mkekani, na neno lilipita tukikubali wote. Mmoja akikataa, limekufa. Ila anayekataa ndiye anayepika siku hiyo, kwa sababu kukataa ni rahisi mno, lazima kukugharimu kitu. Shabani alikataa mara nyingi, na alipika ugali mbaya wa uwele mpaka tukajifunza kutunga nyimbo ambazo hatazikataa.

Sasa niwape kisa chenyewe, maana nimekizunguka muda mrefu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye vijiji vya ujamaa. Kijiji hiki sitakitaja, wajukuu wao bado wapo na wengine hununua karanga zangu. Msinielewe vibaya, mimi nilikuwa mjamaa na nusu. Kisima tulichimba pamoja, shule tulijenga pamoja, na kusoma nimejifunza ukubwani kwenye darasa la kisomo, nikiwa nimekaa dawati moja na mama yangu. Ndiyo maana tuliimba. Mtu hapigi kelele nyumba ya jirani ikivuja, hupiga kelele ikivuja ya kwake.

Katibu wa pale alikuwa kijana msomi, Bwana Mihayo. Aliamua shamba la kijiji lilimwe kando ya barabara, mahindi, wakati ardhi yetu inajua mtama na uwele. Na lilimwe safu saba tu kutoka barabarani. Safu saba zilipaliliwa mpaka zikang'aa, zikatiwa mbolea, zikanyweshewa kwa ndoo. Nyuma yake palikuwa nyasi za kiunoni. Mgeni akipita ndani ya gari anaona bahari ya mahindi, anaandika, anaondoka. Kila alfajiri kipande cha reli kilichotundikwa kinagongwa, watu wote wanakwenda kuzipalilia safu saba. Huku mashambani mwao uwele umetoa masuke na hakuna wa kuulinda, kwelea kwelea wanashuka kama wingu. Nilimwona mama mmoja anapalilia mahindi ya barabarani huku anatazama juu, ndege wanapita kuelekea kwake, na jembe halikusimama.

Ntandu alitunga wimbo siku ile ile. Mihayo ni jina la Kinyamwezi, na yeye alikuwa ametokea Tabora, basi nani mwimbaji? Mimi. Jumapili baada ya ibada tukapiga mbele ya ofisi, Mihayo amekaa kiti cha mbele na kofia yake ya kazi. Nikaanza na miguu yangu, akacheka. Kisha nikaingia:

*Mgeni usishuke gari,*
*pita tu, pita tu.*
*Mbele yako ni mahindi,*
*nyuma yake nyasi tu.*

Watu walilipuka. Waliimba kiitikio kabla sijakifundisha. Nami kichwa kikapanda, nikamsogelea nikamwambia, "Mnyamwezi wangu wewe, babu zako walibeba pembe mpaka pwani, na wewe umebeba uongo mpaka mkoani."

Pale ndipo mama mmoja muuza togwa alipoweka kata yake chini akaja katikati. Alikuwa mzaliwa wa Issuna, amehamia kwa mume.

"Agnesi, acha," akasema. "Huyo si Mnyamwezi."

"Jina lake Mihayo, mama."

"Jina ni la jirani aliyewasaidia. Baba yake ni Muna, Mnyaturu wa Issuna, alikwenda Tabora kutafuta kazi, huyu akazaliwa huko. Nimembeba mgongo huu." Kisha akamgeukia Ntandu. "Na wewe Omari, huyo ni ukoo wenu. Ni baba yako mdogo."

Gitaa lilikatika katikati ya nota. Kwetu sote, Mgogo, Mnyaturu, Mnyiramba, baba hachekwi, na baba mdogo ni baba. Ntandu alikuwa ametunga wimbo wa kumwaibisha baba yake mbele ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa nimemtukana mtu ambaye sina utani naye hata chembe. Ruhusa yetu yote ilikuwa imesimama juu ya jina. Kwa hiyo andikeni hili: kabla hujamwimba mtu, usiulize anaitwa nani. Uliza wazee wake wamezikwa wapi.

Kesho yake tukaitwa ofisini. Mihayo hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kiongozi wa bendi hii ni nani?"

"Hatuna, Ndugu Katibu," Shabani akajibu.

"Haiwezekani. Hata nyuki wana malkia."

"Ndiyo maana hawajawahi kubadilisha wimbo, Ndugu Katibu," nikasema. Mdomo huu, wanangu, umenigharimu mengi.

Akanitazama, akarudi kwa Ntandu. "Jumatano ya wiki ijayo anakuja mgeni kutoka mkoani. Wewe utaniomba radhi mbele ya watu. Halafu mtapiga wimbo wa kulisifu shamba. Mkikataa, gitaa, madebe, redio na betri vinabaki hapa ofisini, na bendi yenu itakuwa imekwisha. Sitaki kuisikia tena katika eneo langu."

Ntandu alikuwa ameinamisha kichwa. "Radhi nitaomba, baba, na nitaomba kwa moyo mmoja. Nimekukosea kama mtoto. Lakini lile shamba sitalisifu."

"Basi leteni vyombo Jumatano, vitabaki."

Tulitoka pale. Nilikuwa na hofu, nawaambia kweli. Bila Debe Tupu mimi nilikuwa mtu wa kuuza maji stesheni. Tulikaa mkekani siku mbili tunakataa kila neno, sote watatu tunapika. Kusifu, hapana. Kukimbia, hapana, mashamba ya watu yataliwa yaishe. Kuimba tena ule ule, hapana, si mtani wetu, na safari hii hata wananchi wangetulaani. Mwishoni nikapanda kwenda kwa Shangazi Mele, nikamweleza yote huku anachambua mtama. Hakuinua macho.

"Huyo Ntandu ana mtoto?"

"Ana binti, Zaituni. Ana miezi mitano."

"Basi mna mwimbaji," akasema, akaendelea kuchambua.

Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikaanza kucheka mpaka nikamwaga ungo. Mjukuu na babu ni watani. Hakuna kabila la mkoa huu linalobisha hilo. Kama Mihayo ni baba wa Ntandu, Zaituni ni mjukuu wake, na mjukuu anaweza kumwambia babu lolote mchana kweupe. Shangazi akanionya jambo moja tu: Ntandu aombe radhi kwanza, na tungoje Mihayo amwite mwanangu kwa mdomo wake, mbele ya watu. Akishasema hivyo amejifunga mwenyewe.

Jumatano ilifika. Gari la mgeni likasimama mbele ya zile safu saba, na mahindi yalikuwa mazuri, lazima niseme. Kijiji kizima kipo. Ntandu akatoka mbele, amebeba jogoo mweupe, akapiga magoti kwenye vumbi. Mwajuma mkewe alikuwa karibu yangu, amemkumbatia mtoto.

"Shikamoo, baba. Nilikukosea kwa kutokujua, na kutokujua si ruhusa. Naomba radhi."

Mihayo alipokea jogoo. Nadhani hata yeye jambo lile lilimgusa. Halafu akasema kwa sauti iliyosikika kwa wote, "Nimekusamehe, mwanangu."

Nilikuwa nimeshajifunga Zaituni mgongoni kabla hajamaliza neno. Shabani akagonga debe la mchanga, polepole. Nikatembea kama mtoto anayejifunza kusimama, nikafika mbele yake, nikageuka ili uso wa mtoto umtazame yeye, nikamwambia, "Shikamoo babu. Mjukuu wako amekuja kukusalimia, ila hajajua kusema, nimemwazima mdomo." Kisha nikaimba kwa sauti nyembamba:

*Babu, sijaota meno,*
*nitatafuna nini?*
*Hili shamba ni la macho,*
*la tumbo liko wapi?*

*Ndege wamekula uwele,*
*mama yuko barabarani.*
*Babu, nikililia uji,*
*nikalie ofisini?*

Wanangu, ngoma ya moyo wangu ilishinda debe. Niliwaangalia wazee wa Kinyaturu waliokaa kulia. Mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Mwingine pia. Yule mama wa togwa akapiga kigelegele kimoja kirefu, na watu wote wakamgeukia Mihayo kuona kama ni babu kweli au ni katibu tu.

Uso wake ulikuwa umeiva kama nyanya. Akatazama wazee. Akatazama Zaituni, ambaye wakati huo alikuwa ananyonya ncha ya kitenge changu na kumtolea macho. Ndipo mashavu yakamshinda, akacheka, akampa mtoto kidole, Zaituni akakitia mdomoni pale pale.

"Mke wangu huyu," akasema, "hajaota meno na ameshaniuma."

Kijiji kilipasuka. Ntandu akaliachia gitaa lipige yowe lake lote, Shabani akayapiga madebe matatu kwa pamoja, watu wakaingia kucheza na mgeni akiwa bado hajakaribishwa kiti. Mimi nilicheza na mtoto mgongoni mpaka Mwajuma akaja kumnyang'anya. Furaha ile bado ninayo mifupani, sitawadanganya. Nimekula sikukuu nyingi lakini hakuna iliyofika hapo.

Mgeni aliuliza kinachoimbwa ni nini, akaelezwa mila ya babu na mjukuu. Akavuka barabara, akaingia kwenye mahindi, tukahesabu naye safu kimoyomoyo mpaka ya saba, akapotea. Aliporudi suruali yake ilikuwa imejaa vishona nguo vya zile nyasi, kutoka kwenye soksi mpaka kwenye mkanda. Akasimama anavibandua kimoja kimoja. "Kuanzia kesho," akasema, "watu wakalinde uwele wao." Vyombo vyetu havikubaki ofisini. Tulivirudisha Itigi tukiimba njia nzima, na betri imefungwa wima.

Kama ningekuwa mjanja ningeishia hapa, mkanipigia makofi. Lakini nimeahidi kuwaeleza kazi, na sehemu hii ni ya kazi pia.

Mgeni yule alitupenda. Mwezi haukuisha, likaja lori. Ndani yake gitaa la umeme la dukani, ngoma za kizungu zenye miguu ya chuma, kipaza sauti kinachong'aa, na sare: suruali za bluu, mashati meupe, na kwangu gauni la bluu lenye mkanda na viatu vya kisigino. Tumekuwa bendi ya kanda nzima. Tukapewa bwana mmoja mpole wa kutuongoza, na karatasi ya kuandikia nyimbo, ambayo ingesomwa kwanza kisha irudi na muhuri. Tukakaa mkekani. Nilimtazama Shabani nikisubiri akatae kama kawaida yake. Anapapasa ngoma mpya. Ntandu anapapasa gitaa. Mimi nimeshavaa viatu. Hakuna aliyepika siku ile.

Miaka miwili tuliimba. Tuliimba karibu, tuliimba hongera, tuliimba asante. Tulipiga vizuri sasa, bila yowe. Watu walipiga makofi wakiwa wamekaa. Hakuna aliyetutisha, hakuna aliyetuita ofisini, na wala sikuona kwamba tumekufa, kwa sababu tulikuwa tunakula vizuri.

Aliyetuambia alikuwa Mihayo. Alikuja Itigi siku moja kwa baiskeli, jasho limemtoka, akatukuta tunafanya mazoezi. Nilidhani ameleta mwaliko. Alikaa juu ya debe, debe lile la mafuta ya taa tulilokuwa tumeligeuza kigoda.

"Kwa nini hamnicheki tena?" akauliza.

Tukacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Nasema kweli. Mlipokuwa mnaniimba, kila nikishika kalamu kuandika taarifa nilikuwa nasikia kile kitoto chenu. Naogopa, nafuta, naandika upya. Sasa hakuna wa kunisema. Watu wananisifu, nyinyi mnanisifu. Juzi nimeandika kwamba ghala letu lina chakula cha kufika mavuno, nikaisoma, nikaipenda, nikaitia sahihi. Halafu nikaenda kufungua ghala." Akatazama mikono yake. "Tangu mmenyamaza, nimeanza kuziamini barua zangu."

Ntandu ndiye aliyeinuka kwanza, akaanza kuvua shati.

Tulizifua sare zile, tukazipiga pasi, tukazirudisha kwa mkokoteni pamoja na vyombo vyote. Ntandu alilia kwa ajili ya gitaa, nami nakiri nililia kwa ajili ya viatu. Jumapili iliyofuata tulipiga mbele ya ghala lenyewe, milango wazi, kila mtu aone ndani, na Zaituni akiwa amesimama kwa miguu yake alimwimba babu yake wimbo wa ghala mbele ya watu wote. Mihayo alicheka nusu yake. Nusu nyingine alilia, kisha akaenda kuandika barua ya kweli, na chakula kililetwa. Tuliendelea hivyo miaka mingi, maskini wa Mungu, tumechakaa, na kila mkubwa aliyehamishiwa huku alitafutwa mtani kabla hajafungua sanduku lake.

Mlipokuja kwangu wiki iliyopita kuniomba nyimbo za zamani mlinifurahisha mpaka nikacheza nikiwa nimekaa. Gitaa lenu linapiga yowe barabara, na yule binti wenu mwimbaji ana mdomo, nimempenda. Fulana zenu za bendi pia nimeziona, nyekundu, mpya, zote sare moja. Kuna neno lilinifika kooni nikaliacha kwa sababu mlikuwa na mgeni, basi naliuliza hapa. Nani kawanunulia?